Kioo Upande wa Jicho

Mwalimu wa sayansi alipoileta ile darubini karakanani, alikabidhi bomba lake, akakabidhi stendi iliyovunjika mguu, kisha akachomoa kifuniko cha mbele na kukitia kwenye mkoba wake. Kilikuwa duara pana kama kisahani cha chai, limewambwa utando mwembamba unaong'aa kama fedha.

"Hiki naondoka nacho, fundi," alisema. "Ndicho kichujio cha jua. Humu ndani kwako cheche zinaruka ovyo, na kikitoboka hata tundu la sindano hakifai tena."

"Na bomba je?"

"Bomba liache. Ila bila hiki, usilielekeze juani hata kwa mzaha. Usiku tazama nyota mpaka uchoke."

"Mwalimu, mimi na moto tunajuana," fundi akamjibu, akacheka, na Mwalimu naye akacheka, kwa sababu huyo fundi alikuwa mtu wa kuchekesha na mtaani wote walimjua kwa jina la Cheche.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Mguu mmoja wa stendi ulikuwa umekatika kwenye kiungo, na kwa mtu aliyezoea kuunga mageti ya watu wenye magari mawili, ile ilikuwa kazi ya kufanya huku chai inapoa. Aliimaliza siku ileile, akaisugua mpaka mshono haukuonekana, akaipaka rangi. Lakini asubuhi ya siku ambayo jua lingepatwa, Mwalimu alipopiga simu kwamba anakuja kuichukua ili wanafunzi wake watazame, Cheche alimwambia, "Bado kidogo, Mwalimu. Chuma hakijapoa."

Chuma kilikuwa kimepoa tangu juzi. Mafundi, jamani! Hilo "bado kidogo" lao limewakosesha watu harusi. Mwalimu alisikitika, akasema basi watoto watatumia kadi yenye tundu, waangalie picha ya jua ikiangukia chini, haidhuru. Alikata simu bila kugomba. Cheche angemshukuru sana siku za mbele kama angegomba.

Na msidhani alimdanganya kwa ubaya. Alitaka kumwonyesha mkewe jua lililomegwa, basi. Mkewe alikuwa dereva wa basi la shule. Aliondoka nyumbani kungali giza kuwakusanya watoto, akarudi kabla ya saa sita kupumzisha miguu, akaondoka tena mchana kuwarudisha makwao. Cheche naye kazi zake zilimweka karakanani mpaka jioni. Walikuwa wakisalimiana kama wenye maduka mawili yanayotazamana: "Dereva, vipi?" "Salama, fundi, habari za vyuma?" Watoto wao walishakua na kuanza maisha yao. Nyumbani palibaki wao wawili na shemeji, mdogo wake mke, fundi bomba, aliyekuja kukaa wiki mbili akasahau kuondoka.

Huyo shemeji ndiye aliyekuwa na mdomo. Friji ilinunuliwa na dada yake, makochi yalinunuliwa na dada yake, hata ile mashine ya kuchomelea ilitokana na akiba ya dada yake, na kila alipokaa kwenye kochi alikumbuka kulitaja. "Shemeji," alikuwa akisema, "wewe umeleta nini humu ndani zaidi ya harufu ya chuma?" Cheche alicheka kila mara. Lakini maneno ya utani yakirudiwa sana hayawi utani tena, na kimoyomoyo alitamani siku moja amwonyeshe mkewe kitu ambacho hajawahi kukiona, ambacho kimetoka kwake yeye.

*

Waliiweka darubini uani, kati ya kamba ya nguo na rundo la mabomba ya shemeji. Cheche hakuwa mjinga. Alijua kwamba hutafuti jua kwa kuchungulia, kwa hiyo alitazama kivuli cha bomba chini, akalizungusha taratibu mpaka kivuli kikawa kiduara kidogo. Hapo mwanga ukatoka kwenye lenzi ya nyuma, mweupe, mkali, ukaangukia glovu yake ya ngozi aliyokuwa ameitupia begani.

Glovu ikafuka moshi.

"Wee!" Cheche aliitupa chini, akaikanyaga. "Kumbe lina moto hivi!"

"Hebu lete," shemeji akasema. Alitoa sigara sikioni, akaipeleka pale kwenye mwanga, akaisogeza, akairudisha. Ncha ikawa nyeusi, kisha nyekundu. Aliivuta kwa madaha, macho ameyafumba. "Bwana wee! Kiberiti kimepitwa na wakati. Tufungue kibanda, tuwashie watu."

Walicheka mpaka jirani akachungulia ukutani. Mtu mwingine angekomea hapo. Sigara imewaka mbele ya macho yako, halafu mahali palepale ilipowakia unataka kuweka jicho? Lakini Cheche alikuwa na jibu, na jibu lake lilitoka kwenye kazi yake. Alikwenda ndani akaleta kofia yake ya kuchomelea, akachomoa kile kioo cheusi cha mbele ya macho.

"Hiki," alisema, "kimenilinda tangu sijaoa."

Alikifunga nyuma ya lenzi ya kuchungulia kwa kipande cha mpira wa tairi la baiskeli, akakikaza vizuri. Ndivyo inavyofanyika kazini. Moto uko kule, kwenye chuma. Kioo kiko huku, puani. Hakuna fundi wa kuchomelea anayeufunika moto. Unafunika jicho, basi, na siku inakwisha salama. Tangu ashike ufito wa kwanza wa kuchomelea hakuwa ameona njia nyingine, na haikumpitia akilini kwamba moto wa kazini hujaukusanya kwanza kwenye lenzi ukaubana uwe mdogo kuliko punje ya mchele.

Aliinama akachungulia. Jua lilikuwa la kijani, tulivu, limemegwa pembeni.

"Mama yangu!" alisema kwa sauti ndogo.

Honi ya basi la mkewe ikalia nje. Cheche aliinuka haraka kama mtoto aliyesikia mlango. Shemeji alishaanza kuinama.

"Zamu yangu."

"Ngoja kwanza. Mwenye nyumba ndiye anaanza."

"Mwenye nyumba si wewe?"

"Leo ni yeye. Ondoa kichwa chako, bwana!"

Walisukumana pale, wakataniana, shemeji akidai kwamba yeye ndiye aliyeshika bomba wakati wa kulipandisha, Cheche akimwambia mabomba yake yako kule chini. Muda wote huo jua lilikuwa linaingia kwenye darubini, linatoka nyuma, linakaa juu ya kile kioo. Hakuna aliyekigusa.

Mkewe aliingia na funguo za basi shingoni, viatu mkononi. "Nyie, kuna nini? Mtaa mzima umesimama nje unatazama vijua vilivyomegwa chini ya mti."

"Njoo, Dereva. Njoo uone."

"Fundi, miguu yangu inawaka moto. Ngoja niiweke kwenye maji kwanza."

"Maji yapo siku zote. Hili linaisha."

"Si salama hilo. Redioni wamesema tangu asubuhi watu wasitazame."

"Wamesema watu wasio na vifaa. Mimi nimetazama sasa hivi. Si unaniona?" Aliyatoa macho, akayazungusha. "Niamini mimi."

Alimwamini. Angeweza kumkatalia, maana alimkatalia mambo mengi. Lakini alimwona jinsi alivyosimama, mikono yake myeusi ameishika pamoja, anamsubiri. Aliweka viatu chini, akafumba jicho la kushoto, akaweka la kulia.

"Naona kijani tu."

"Shusha kichwa kidogo. Hapo."

"Eh!" Alicheka. "Limeng'atwa! Fundi, limeng'atwa kama biskuti!"

Cheche alimtazama shemeji yake. Usoni mwa Cheche kulikuwa na furaha ambayo shemeji hakuwahi kuiona.

"Usisogee," Cheche alimwambia mkewe. "Tazama katikati. Kuna vidoa vyeusi katikati, umeviona?"

"Wapi?"

"Katikati kabisa. Usisogee."

Kitu kikalia, tak, kama yai likigongwa ukingoni mwa bakuli. Mkewe alirudisha kichwa nyuma, akashika uso.

"Umenipiga picha?" aliuliza.

Wakacheka. Ndiyo, walicheka wote watatu, na Cheche alicheka kuliko wenzake. Kile kioo kilikuwa kimepasuka kutoka juu mpaka chini, na kilikuwa cha moto hata kikamchoma kidole. "Vioo vya siku hizi," alisema, akipuliza kidole chake. "Utapata kingine cha maana wapi?" Shemeji alilalamika kwamba zamu yake imepotea. Mkewe alipangusa jicho kwa upindo wa kanga, akasema haliumi, ameona tu mwanga mkali, akaenda kuloweka miguu.

*

Mchana alipowasha basi aliona kidoa cha zambarau juu ya usukani. Alikitazama, kikahamia kwenye kioo cha mbele. Alitazama barabara, kikakaa barabarani. Ni ule mwanga, alijiambia, utaondoka. Aliwapakia watoto, akawahesabu kwa sauti kama kawaida yake, akaendesha polepole. Kwenye taa alisimama nyuma ya lori. Akafumba jicho la kushoto, kwa kujaribu tu.

Lori lilikuwapo. Pembe zake zote zilikuwapo, na anga juu yake, na mtu aliyekaa juu ya mzigo akila chungwa. Namba ya lori haikuwapo. Mahali pa namba palikuwa na ukungu, na kila alipoufuata ili auone vizuri, ukungu ulikwenda naye.

Alifumbua jicho la kushoto haraka. Nyuma yake watoto walikuwa wanaimba, na alifika mwisho wa safari akiendesha kama mtu aliyebeba mayai.

"Ni macho ya mchanga hayo," Cheche alimwambia jioni. "Sisi yanatupata kila siku. Ukikosea ukatazama moto bila kioo, jioni macho yanawasha kama yametiwa mchanga, unalia usiku, asubuhi umepona." Alikata kiazi vipande vyembamba, dawa ya mafundi wenzake, akamlaza kwenye kochi, akamwekea kipande juu ya jicho. Aliifanya kazi hiyo kwa mikono ya taratibu sana.

"Lakini haliniwashi."

"Kabisa?"

"Haliumi hata kidogo. Ila sioni katikati."

"Kama haliumi, si kitu," alisema Cheche. "Kitu kibaya kinauma."

Katika maisha yake yote hilo lilikuwa kweli. Chuma cha moto kinauma, cheche ikiingia kiatuni inauma, umeme unauma. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba nyuma ya jicho, pale picha inapoangukia, hapana maumivu. Panaweza kuungua na mwenyewe akaendelea kucheka. Mkewe alilala na kiazi usoni. Cheche alikibadilisha kila kilipokauka.

*

Mwalimu alikuja kesho yake kuchukua darubini. Aliusifu mshono, akapitisha kidole asiuone ulipo. Kisha akauona ule mpira wa tairi, na ndani ya mpira kipande cha kioo cheusi kilichobaki.

Alikigusa kwa ncha ya kidole. "Fundi, hiki ni nini?"

"Aa, tulichungulia jana. Kidogo tu."

"Mlichungulia jua?"

"Kioo cha kuchomelea hicho, Mwalimu. Kizito. Hakipitishi kitu."

"Kilipasuka mtu akiwa anafanya nini?"

Cheche alishika grenda ya kusugulia chuma, akaiweka chini, akaishika tena. "Mke wangu alikuwa anaangalia."

Mwalimu alikaa juu ya debe la rangi bila kutazama kama ni safi. "Fundi, kichujio kinakaa mbele," alisema. "Kule mdomoni mwa bomba, jua kali lisiingie kabisa. Likishaingia, lenzi inalikusanya lote pamoja, na huku nyuma hakuna kioo kitakachovumilia. Kinapata joto, kinapata joto, halafu kinapasuka. Na siku zote kitapasuka mtu akiwa amechungulia, kwa sababu kipo palepale penye jicho."

"Mimi nilichungulia. Sikupata kitu."

"Kilikuwa bado hakijapata moto."

Cheche alikumbuka honi. Alikumbuka kusukumana na shemeji, na vile alivyokuwa amefurahi. Alitaka kumwambia Mwalimu kwamba chuma kilikuwa kimepoa tangu juzi, badala yake akaokota kitambaa akapangusa grenda.

"Mpeleke hospitali leo hii," Mwalimu alisema. Aliinuka, akakunja stendi. Mlangoni aligeuka. "Nilikiondoa kile kichujio ili kisitobolewe na cheche. Ningekuachia tu, fundi. Kingetoboka, kingetoboka tu."

Hakumlaumu, na hilo ndilo lililomuumiza Cheche. Angetukanwa angejua pa kuweka mikono yake.

*

Daktari wa macho alikuwa mwanamke mchanga mwenye sauti ya uchovu. Alimwangalia mgonjwa kwa taa yake kwa muda mrefu, akamwambia atazame juu, chini, katikati. Neno "katikati" lilipotajwa Cheche alitazama sakafu.

"Nyuma ya jicho kuna kama pazia," daktari alisema. "Picha inaangukia hapo. Katikati ya pazia pameungua. Si pakubwa. Lakini ndipo mahali tunaposomea, tunapotambua sura za watu."

"Hapazibiki?" Cheche aliuliza. "Hata kwa mashine?"

"Hapana dawa ya kupaka wala mashine. Wengine hupata nafuu kidogo baada ya miezi. Wengine hawapati. Huyu pameungua sana." Aligeuka kwa mgonjwa. "Mama, unafanya kazi gani?"

Kabla hajafungua mdomo, mumewe akajibu. "Yuko nyumbani tu, daktari. Mama wa nyumbani."

Alidhani anamlinda. Aliogopa daktari angeandika kitu, kitu hicho kingefika shuleni. Mkewe aliinuka kwenye kiti. Alikuwa amewapeleka watoto wa watu shule katika mvua na vumbi, hajawahi kumwangusha hata mmoja, na sasa mume wake mwenyewe alikuwa amemshusha kwenye basi kwa maneno matatu. Njiani kurudi alitembea mbele. Cheche alimfuata amebeba mkoba wake.

"Nilitaka tu..." alianza.

"Najua ulichotaka," mkewe alisema. "Jana pia nilijua ulichotaka."

*

Muhula mpya ulipoanza, madereva waliitwa kupimwa macho. Msimamizi wa magari wa ile shule aliwapima ofisini kwake mwenyewe, kila jicho peke yake, kwa bango la herufi lililobandikwa nyuma ya mlango. Lilikuwa bango lilelile miaka yote, limebadilika rangi, kona moja imeliwa na mende.

"Si unalijua lile bango?" Cheche alimuuliza usiku uliotangulia, wakiwa mezani. Hakumtazama. "Herufi zake si unazijua kwa kichwa?"

"Nazijua."

"Na jicho la kushoto ni zima kabisa. Barabarani unaona. Umeendesha siku zote hizi, na hakuna lililotokea."

Shemeji aliacha kutafuna. "Shemeji, hebu nyamaza."

"Nasema tu. Tutaishije?" Sauti ilimpasuka. "Nimemharibia jicho, nimharibie na kazi?"

Mkewe alikusanya sahani, akaziosha, na kelele za maji zilisikika kwa muda mrefu kuliko sahani zilivyohitaji.

Kesho yake mchana, kabla watoto hawajatoka darasani, alisimama kwenye mstari ofisini kwa msimamizi. Alifunika jicho la kulia, akasoma. Alifunika la kushoto, akatazama mlango. Nyuma ya mlango kulikuwa na karatasi nyeupe yenye ukungu katikati. Alifungua mdomo, na herufi zikatoka zenyewe, zimejipanga, mpaka zile ndogo za chini ambazo msimamizi mwenyewe huzisoma kwa miwani.

"Mama, wewe una macho ya mwewe!" msimamizi alisema, akagonga muhuri. "Vijana wangu wote hapa hawakufikii. Haya, basi lako hilo."

Wenzake walimpigia makofi. Alichukua funguo, akaenda kukaa kwenye kiti chake, akarekebisha vioo. Basi lilinuka vile linavyonuka siku zote, chaki na ndizi na soksi. Watoto walianza kupanda. Mmoja, msichana wa darasa la kwanza, alisimama kwenye ngazi akazuia wenziwe.

"Dereva, angalia! Jino limetoka! La mbele kabisa!" Akaachama.

Dereva alifumba jicho la kushoto.

Aliona utepe mwekundu wa nywele. Aliona masikio mawili madogo, kola nyeupe, kamba za mkoba. Kati ya masikio hayo hapakuwa na kinywa wala pengo wala mtoto. Sauti ilikuwa inatoka mahali pasipo na mtu. "Umeliona?" sauti iliuliza.

"Nimeliona, mwanangu," alisema. "Shukeni kidogo. Nyote. Simameni pale kivulini."

Alirudi ofisini, akaweka funguo juu ya meza.

"Nimekudanganya. Jicho la kulia halioni."

Msimamizi alicheka, kisha akaacha. "Mbona umesoma zote?"

"Nimezisoma kwa kichwa. Bango lako halijabadilishwa tangu uniajiri."

Msimamizi alitazama mlango kama anamwona mgeni. Aliuvuta muhuri karibu yake. "Mama," alisema polepole, "ungenyamaza nisingejua."

"Ndiyo maana nimerudi."

Alipewa kiti kile kidogo cha kukunja karibu na mlango, cha msaidizi: kufungua, kufunga, kushika mikoba, kupangusa matapishi. Mshahara wake ulikuwa wa msaidizi pia. Usukani alipewa kijana aliyetoka kupata leseni, na kwenye kona ya kwanza akamuuliza, "Mama, hii gia ya pili inakwama siku zote?" Naye akamwonyesha namna ya kuibembeleza. Watoto walimwita Dereva njia nzima, na kijana aligeuka kila mara akidhani ni yeye anayeitwa.

*

Alipofika nyumbani jioni, shemeji alikuwa amekaa kizingitini, sigara haijawashwa. Habari zilikuwa zimefika nyumbani kabla yake, mtaani hazikawii.

"Dada," alisema, "ningeangalia mimi. Ilikuwa zamu yangu. Mimi mabomba nayashika kwa kupapasa, jicho la nini kwangu?"

"Acha ujinga, mdogo wangu," alimwambia, akamgusa kichwa, akapita.

Cheche alikuwa ndani, amekaa kwenye kiti cha mbao, makochi ameyaacha. Hakuwa ameenda karakanani. Alikuwa amenawa mpaka kwenye viwiko, na hata hivyo mikono ilikuwa ile ile.

"Umewaambia," alisema.

"Nimewaambia."

"Chuma kilikuwa kimepoa." Maneno yalimtoka kwa pamoja, kama yamesukumwa. "Mwalimu alipopiga simu asubuhi ile, stendi ilikuwa tayari. Nilimwambia bado. Angekuja akaichukua, na wewe ungeloweka miguu yako, na leo ungekuwa... Nilitaka uone kitu kutoka kwangu. Basi. Hakuna kingine."

Mkewe alikaa kwenye kochi, akimwelekea. Alifunika jicho la kushoto kwa kiganja.

"Unafanya nini?" Cheche aliuliza.

"Tangu siku ile sijathubutu kukutazama wewe kwa hili." Alitulia. "Masikio nayaona. Kola ninaiona, ina doa. Katikati hamna mtu."

Cheche alitoa sauti ambayo shemeji aliisikia mpaka kizingitini.

Kisha mkewe akageuza jicho taratibu, akamwacha, akatazama fremu ya mlango. Alikaa hivyo muda, kama mtu anayesikiliza.

"Sasa uso wako unakuja," alisema. "Haukolei, lakini ni wewe. Unalia."

"Unatazama mlango."

"Nikitaka kukuona, inabidi nitazame mlango."

Cheche aliinuka nusu kwenye kiti, anataka kwenda kwake, apige magoti, amshike miguu ile iliyokuwa inawaka moto siku ile. Mkewe alinyoosha mkono kumzuia, jicho lake bado liko mlangoni.

"Usisogee," alimwambia.

Akakaa. Nje giza lilikuwa linaingia, na hakuna aliyeinuka kuwasha taa.